Kutoka Pweto Hadi Moba na Antena Mbili

Msafiri alalaye Pweto huamshwa na sauti za watu wa maji. Ziwa Mweru linafika hapo ukingoni mwa mji, na hapo hapo mto Luvua unatoka ziwani na kuanza mwendo wake mrefu wa kwenda kukutana na Lualaba huko Ankoro. Ng'ambo ya ziwa ni nchi ya Zambia. Kabla ya jua kupanda, wavuvi wa Kibwile hurudi na mitumbwi, akina mama wanawangoja mchangani na vikapu vyao, na moshi wa samaki wanaokaushwa unatanda chini chini juu ya nyumba. Ni mahali pazuri pa kukaa. Lakini sisi, wasomaji wapenzi, hatukuja kukaa. Tulikuwa na motokari mbili za misioni, mabati arobaini ya kuezekea zahanati, na njia ya zaidi ya kilometa 200 mbele yetu, kupita juu ya nyanda za Marungu mpaka Moba, kwenye Ziwa Tanganyika.

Wengi wenu mlio Kivu au Maniema hamjaiona nchi ya Marungu, basi niwaeleze kidogo. Ni nchi ya juu, na vilele vyake virefu vyapita mita 2,400. Mto Mulobozi unaikata katikati ukielekea kaskazini, mpaka uingie ziwani karibu na Moba. Mtu akipanda kutoka Pweto, kwanza hupita katika miti ya miombo, kisha miti inapungua, na mwisho anaona majani matupu yanayoinama kwa upepo, na vijito vya maji baridi vyenye misitu myembamba kandokando yake. Katika misitu hiyo hukaa ndege mdogo wa jamii ya chozi, ambaye wataalamu wa ndege wasema hapatikani popote duniani ila huko Marungu. Huko Pepa ng'ombe walifugwa kwa wingi tangu siku za Wabelgiji. Na baridi! Mtu wa Kongolo aliyezoea joto la Lualaba, akifika huko mwezi wa Juni pasipo koti, hatasahau.

Njia hii ni ya zamani. Mapadri Weupe walipokea kituo cha Mpala mwaka 1885, na mwaka 1893 wakaanza misioni ya Baudouinville, ndiyo Kirungu ya leo, juu ya vilima vinavyoitazama bandari ya Moba. Huko ndiko Padri Stefano Kaoze, padri wa kwanza Mkongo wa nyakati hizi, alikopewa upadri mwaka 1917. Siku zile habari ilisafiri kwa miguu ya tarishi. Tarishi akichelewa, watu walingoja. Asipofika kabisa, walisali. Nawaambia kweli kwamba hata leo, penye sehemu kubwa ya njia ile, hali yetu si mbali sana na ile yao, kwa maana simu ya mkononi husema mjini, lakini ukiisha kupanda milima hunyamaza kama jiwe.

Ndiyo sababu ya antena, nami nitaeleza jinsi shauri hilo lilivyoanza.

Wakati wa masika yaliyotangulia, motokari zetu mbili zilikuwa zikipita njia hii hii. Dereva wa mbele alikuwa na desturi ya kutazama nyuma katika kioo chake. Kiangazi, desturi hiyo yatosha, kwa sababu vumbi ndilo shahidi: ukiona vumbi nyuma, mwenzako yuko. Lakini wakati wa mvua hakuna vumbi. Yeye aliendelea, akidhani mwenzake anamfuata polepole kwa ajili ya utelezi, na alipokwisha kwenda karibu kilometa 40 ndipo akasimama kungoja. Akangoja saa nzima. Aliporudi, giza lilikuwa limeingia, akaikuta motokari ya pili imelala ubavu katika mtaro, na dereva wake, baba wa watoto sita, amebanwa humo na mfupa wa bega umevunjika. Alikuwa amepiga honi mpaka betri ikaisha. Mungu alimponya, lakini mkono wake wa kushoto haupandi tena kupita kifua, na kazi ya kuendesha ameiacha.

Misioni ina fonie, kama misioni zote za Kongo mnavyojua: ile redio kubwa ya mezani yenye waya mrefu uliotandwa kati ya miti miwili, ambayo asubuhi huita Kalemie na Lubumbashi na kupeana habari za wagonjwa, za vifo na za bei ya unga. Fonie husema mbali sana. Lakini ya kufungwa katika motokari ni ya gharama kubwa, na haja yetu haikuwa kusema na Lubumbashi. Haja yetu ilikuwa motokari ya mbele isikie motokari ya nyuma, kilometa tano au kumi, basi. Padri alipomwuliza fundi mmoja mzee, aliyefanya kazi miaka mingi katika simu za reli, yeye akajibu mara moja kwamba kazi hiyo ni ya redio ndogo ya wasafiri, iitwayo CB.

Redio hizi zilianza Marekani. Serikali ya huko ilikuwa imetenga mawimbi kwa ajili ya raia wa kawaida tangu 1945, na mwaka 1958 ikawapa mawimbi ya megahetsi 27, yatumikayo mpaka leo. Kwanza njia zake zilikuwa 23, na tangu 1977 zikawa 40. Madereva wa malori makubwa ndio walioipenda kuliko watu wote. Nguvu yake ni ndogo, wati 4 tu, yaani si sawa hata na taa hafifu ya chumba cha kulala, nayo haitaki mnara wala mtu wa katikati. Lakini msinunue kabla ya kuomba ruhusa ya serikali. Padri wetu aliiomba, akangoja karatasi yake, na nakala yake imo katika kila motokari. Katika nchi iliyoona vita kama yetu, mtu mwenye redio pasipo karatasi atatiliwa shaka kwenye kizuizi cha kwanza, wala askari hana kosa.

Basi fundi alifika Pweto siku tatu kabla ya safari, na sanduku lake la mbao. Nami, kwa kuwa mwalimu hana kazi wakati wa likizo, nikawekwa kuwa msaidizi wake.

Jambo la kwanza alilonifundisha lilinishangaza. Mimi nilifikiri kwamba redio ndiyo yenye kazi, na antena ni fimbo tu. Yeye akasema, “Mwalimu, redio zote za namna hii zina nguvu moja. Aliyetumia fedha nyingi na aliyetumia kidogo wana wati 4 sawasawa. Tofauti yao ni antena.” Kisha akanieleza urefu wa wimbi. Wimbi la njia ya kwanza lina urefu wa mita 11 na sentimeta 12. La njia ya 40 ni fupi kidogo, mita 10 na sentimeta 94. Antena iliyo sawa yapaswa kuwa robo ya wimbi, yaani karibu mita 2 na sentimeta 75. Lakini nani atapita katika miombo na fimbo ndefu namna hiyo juu ya motokari? Kwa hiyo mafundi huchukua waya mrefu na kuuzungusha juu ya fimbo fupi, ili umeme uhesabu urefu ambao macho hayauoni. Fimbo zetu zilikuwa za mita 1 na nusu, na chini yake springi ya chuma, ili tawi likiipiga iiname na kusimama tena.

Na ile robo ya pili, iko wapi? Maana wimbi halisimami kwa mguu mmoja. Fundi alipiga mwili wa motokari kwa kiganja. “Hii hapa,” akasema. “Bati lote hili ni nusu ya antena yako.” Nimelikumbuka neno hilo mara nyingi. Mtu anayefunga antena juu ya ubao, au juu ya bati lenye rangi nene, amefunga nusu ya antena. Yafaa kukwangua rangi mahali chuma cha antena kinapokaa mpaka bati ling'ae kama sarafu mpya, kisha kukaza nati kwa nguvu, na baada ya kukaza kupaka grisi juu, ili kutu isile mahali palipokwanguliwa.

Mahali pazuri kuliko pote ni katikati ya paa, kwa sababu huko bati liko pande zote na sauti huenda pande zote sawa. Lakini paa letu lilikuwa na keria, na matawi ya njia ile yangeivunja antena kabla ya kufika Pepa. Hapo fundi akatumia akili ambayo mimi nisingeifikiri. Antena iliyo pembeni mwa motokari, akasema, husukuma sauti kwa nguvu kuelekea upande wenye bati nyingi. Iliyo kona ya nyuma kushoto hupeleka zaidi mbele kulia. Iliyo mbele hupeleka zaidi nyuma. Kwa hiyo motokari itakayotangulia aliifungia antena mbele, karibu na taa, ili iseme na waliofuata. Na ile ya kufuata akaifungia nyuma, juu ya bampa, ili iseme na waliotangulia. Zikawa kama watu wawili waliogeuziana nyuso.

Waya wa umeme aliupeleka moja kwa moja mpaka kwenye betri, na fyuzi karibu na betri, si kwenye waya wa taa wala wa kiberiti cha sigara, maana huko redio hukusanya kelele zote za injini. Waya wa antena aliupitisha mbali na injini, penye tundu lenye mpira, asiuache ubanwe na mlango. Ukibanwa, akasema, utaona mzima kwa nje, na ndani umekufa.

Kisha ikaja kazi ya kurekebisha, na hapo ndipo nilipojifunza subira.

Kati ya redio na antena hufungwa kipimo kidogo chenye mshale. Chaonyesha ni kiasi gani cha nguvu kinachotoka, na ni kiasi gani kinachokataliwa na antena na kurudi nyuma katika redio. Kipimo kikisema 1, hakuna kinachorudi. Jambo hilo halipatikani sana duniani. Kikisema 1 na nusu, hurudi sehemu 4 katika 100, wala si hasara. Kikisema 2, hurudi 11. Kikisema 3, robo nzima yarudi, na redio inaanza kuteseka kwa moto wake yenyewe. Na mtu asibonyeze kamwe kitufe cha kusema antena isipofungwa; hapo nguvu yote haina pa kwenda, na redio nzuri yaweza kufa kwa dakika moja.

Tuliipeleka motokari katikati ya uwanja wa mpira, mbali na ukuta, mbali na miti, milango imefungwa, na watoto wote wa shule wakafukuzwa mpaka kwenye magoli, kwa maana mwili wa mtu karibu na antena hubadilisha kipimo. Tukapima njia ya 1: zaidi ya 3. Njia ya 20: zaidi ya 3. Njia ya 40: vile vile. Mimi nikasema antena ni mbovu, na tuirudishe dukani. Fundi hakunijibu. Alilala chini ya bampa, akachomoa nati, na kunionyesha: rangi nyeusi ilikuwa imebaki upande wa chini, nyembamba kama ganda la kitunguu. Kipimo kikiwa kibaya katika njia zote sawa, usiulaumu urefu wa antena. Tafuta bati lisiloshikana, au waya uliokatika. Akakwangua tena.

Mara hii njia ya 1 ikasema 1.4, na njia ya 40 ikasema 2.2. Sasa ndiyo habari ya urefu. Njia ya 40 ina wimbi fupi. Kama antena yaipenda njia ya 1 na kuichukia ya 40, maana yake ni ndefu mno. Ingeichukia ya 1 na kuipenda ya 40, ingekuwa fupi mno. Juu ya fimbo yetu palikuwa na skrubu ya kushusha na kupandisha ncha. Fundi aliizungusha mara mbili, akaondoka mbali, tukapima. Mara moja tena, akaondoka, tukapima. Kila mara alirudi nyuma hatua kumi, kama padri anayefukiza ubani. Mwisho njia ya 1 na ya 40 zilikuwa sawasawa, 1.4, na ya 20 katikati ilikuwa 1.1. Akafunga skrubu na kuipaka rangi kidogo isilegee. Wenye antena isiyo na skrubu hukata ncha ya waya kwa koleo, lakini wakate kidogo sana, kama upana wa punje ya mchele, maana kilichokatwa hakiungiki.

Alipomaliza motokari ya pili, jua lilikuwa linazama juu ya Mweru. Akaniambia neno la mwisho, nami nililisikia kwa sikio moja, kwa kuwa njaa ilikuwa inaniuma: “Mpime tena mkiisha kupakia. Motokari tupu na motokari yenye mzigo si motokari moja.”

Mzigo niliufunga mimi. Nalisema bayana, ili lawama isimwangukie mwingine. Mabati arobaini ya mita tatu, juu ya keria ya motokari ya nyuma. Kwa kuwa keria ni fupi, niliyasukuma yatokeze nyuma, yakakaa karibu na fimbo ya antena, upana wa mkono haukupita kati yake. Niliyafunga vizuri sana kwa kamba. Kipimo kilikuwa katika sanduku, nami sikukitoa. Tulipojaribu redio uwanjani, motokari hii karibu na ile, tulisikilizana vizuri ajabu. Lakini kwa umbali huo tungesikilizana hata kwa kuita kwa mdomo.

Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri. Mbele tulikuwa Padri, dereva, mimi na Sista mmoja mkunga, anayekwenda Moba kwa kazi. Nyuma walikuwa dereva wa pili na kijana msaidizi wake. Kila robo saa niliwaita, nao waliitika. Tulipoanza kupanda, Padri alitueleza kwamba Marconi mwenyewe, yule Mwitalia wa redio, ndiye aliyemjengea Papa Pius XI redio ya Vatikano, iliyofunguliwa tarehe 12 Februari 1931, na kwamba mwaka 1951 Papa Pius XII alimweka Malaika Gabrieli kuwa msimamizi wa mawasiliano haya. Sista akasema Gabrieli hakuhitaji antena. Tukacheka.

Baada ya saa sita mchana ukungu ukashuka. Nikawaita walio nyuma. Wakaitika kwa mbali, sauti imekatikakatika kama ya mtu anayesema ndani ya mtungi. Nilidhani ni milima. Ni kweli kwamba mawimbi haya hayapiti ndani ya mlima; mkiwa kila mmoja upande wake wa kilima, mtanyamaza. Lakini tulikuwa juu ya uwanda, na kati yetu hapakuwa na kilima. Nikaita tena. Nikasikia, “...mama...” kisha kelele, kisha “...siku mbili...” kisha kimya.

Sista alininyang'anya chombo cha mkononi. Aliita mara tano. Hakuna kitu. Tulisimama, tukazima injini, tukasikiliza. Palikuwa na upepo tu katika majani. Nafsi yangu ilikwisha kuona motokari imelala mtaroni, kama masika yale. Dereva hakungoja amri. Aligeuza motokari, tukarudi kwa mwendo ambao Padri kwa siku nyingine angeukemea.

Tulipokuwa tumerudi kilometa nane hivi, tuliwaona. Motokari ilikuwa nzima, imesimama penye kijiji kidogo cha Watabwa, na watu wameizunguka. Ndani alikuwa mama mmoja kijana, uchungu wa kuzaa umemshika tangu siku mbili, na mtoto hatoki. Watu wa kijiji waliwasimamisha njiani. Madereva wetu wamekatazwa kumwacha mgonjwa, lakini hawakujua wafanye nini, na aliyejua alikuwa motokari ya mbele, anakwenda mbali kila dakika. Dereva wa pili aliniambia kwa upole, “Mwalimu, niliita mpaka nikachoka. Ninyi nilikuwa nawasikia, maneno yote. Sauti yangu ndiyo haikuwafikia.”

Sista alimpima yule mama, akainua uso, akasema maneno machache tu: “Moba. Sasa.”

Walimhamishia motokari yetu, iliyo nyepesi, na mume wake na shangazi yake wakapanda pamoja naye. Padri alibaki nasi ili kupunguza uzito. Kabla hawajaondoka, nilikwenda nyuma ya motokari ya pili nikaona lile nililofanya: mabati yangu yamesogea kwa mtikiso wa njia na kuegemea fimbo ya antena. Nikakitoa kipimo. Njia ya 20, iliyokuwa 1.1, sasa mshale ulipita 3 na kugonga mwisho.

Padri akatazama kipimo, akatazama mabati, akanitazama mimi. “Yashushe,” akasema. Hakuna aliyejadili bei yake. Vijana wa kijiji walisaidia, mabati yote arobaini yakawekwa mbele ya nyumba ya mzee wa kijiji, tukapima tena: 1.2. Sista na dereva walikuwa wamekwisha kutangulia. Nikabonyeza kitufe, nikauliza kama wananisikia. “Kama uko mlangoni,” akajibu.

Toka hapo hatukuacha kusema. Wao walipofika penye daraja la miti waligundua gogo moja limeoza, wakatuambia tupite kulia. Walipoingia bondeni wakanyamaza kwa muda wa dakika ishirini, nami sikuthubutu kutazama saa yangu. Walipopanda ng'ambo, sauti ikarudi. Sista alituambia mapigo ya moyo wa mtoto bado ayasikia. Baadaye tena, bado. Tulipita Pepa jioni pasipo kusimama. Jambo moja la ajabu lilitukia saa hiyo: katikati ya mazungumzo yetu ikaingia sauti ya mtu mgeni, anasema Kispanyola au Kiitalia, wazi kabisa, kisha ikatoweka. Fundi alinieleza baadaye kwamba siku nyingine, jua likiwa na madoa mengi, mawimbi haya hugonga anga la juu na kurudishwa chini mbali sana, hata bara jingine. Kwa hiyo hutokea kwamba mtu wa Ulaya asikika Marungu, na jirani yako aliye nyuma ya kilima hasikiki.

Saa tatu usiku Sista alisema wanaona taa. Baada ya hapo hatukusikia kitu, maana walikuwa wamekwisha kuteremka kuelekea Moba na mlima ulikuwa kati yetu. Sisi tulifika saa nne na nusu. Motokari yetu ilikuwa mbele ya hospitali, milango yote wazi, na dereva amelala juu ya usukani. Mume wa yule mama alikuwa amekaa ngazini. Hakusema neno, aliinua vidole viwili, na kwa kufanya hivyo tulielewa kwamba wote wawili wako hai. Daktari alikuwa amempasua yule mama nusu saa baada ya kufika. Mtoto ni msichana.

Asubuhi nilikwenda bandarini. Ziwa Tanganyika lilikuwa limetulia, rangi ya chuma, na mashua moja ya kwenda Kalemie ilikuwa ikipakia unga na mbuzi. Nilikaa juu ya gunia nikatazama. Ziwa hili lina kina cha mita 1,470, na maziwa yanayolipita kwa kina duniani ni moja tu. Lakini akili yangu ilikuwa juu ya uwanda, penye mabati.

Baada ya juma moja tulirudi kuyachukua. Mzee wa kijiji alikuwa ameyafunika kwa majani yasichomwe na jua, akayahesabu mbele yetu moja moja: arobaini. Mara hii tuliyalaza katikati ya keria, yakatokeza mbele juu ya injini, mbali na antena, na kamba tatu badala ya mbili. Watoto wa kijiji tuliwasogeza nyuma hatua kumi. Tukafunga milango, nikapima njia ya 1, ya 20 na ya 40, nikaziandika kwa kalamu juu ya ubao wa ndani wa mlango, na tarehe yake: 1.5, 1.2, 1.6.